Likizo Hii Soma Kitabu Ambacho Hakuna Mtu Atakuuliza Maswali

Shule zimefunga, nauli za kwenda ushago zimepanda kama kila Disemba, na kwa DM yangu kuna mzazi ameuliza swali ambalo huja kila mwaka wakati huu: "Mtoto wangu yuko kidato cha pili. Asome kitabu gani likizo hii ndio aboreshe Kiswahili na insha?"

Mzazi, nitakujibu. Lakini kwanza wacha nikupe stori ya brathe yangu mdogo.

Brathe alifanya KCSE mwaka jana. Kiswahili alitoka na A-. Karatasi ya tatu, ile ya fasihi, alikuwa anaila kama chapati. Ungemwamsha saa tisa usiku angekupa maudhui ya Nguu za Jadi, sifa za kila mhusika, mbinu za uandishi, na mifano juu. Sasa siku moja mwezi wa nane stima zilipotea, tukatoka kukaa kwa ngazi, tukaanza kupiga stori. Katikati ya maneno akasema, bila hata aibu, "Lakini mimi sijawahi soma kitabu mpaka mwisho."

Nikacheka. Nilidhani ni mzaha.

"Na Nguu za Jadi?"

"Hiyo nilisoma mwongozo."

"Bembea ya Maisha?"

"Mwongozo. Na kuna ticha YouTube anaielezea poa sana."

"Na zile hadithi fupi?"

"Hizo tulisomewa darasani. Siku zingine nilikuwa nimelala."

Miaka 12 ya shule. A- ya Kiswahili. Na hajawahi hata siku moja kufika ukurasa wa mwisho wa kitabu akabaki ameangalia ukuta, hataki kuongeleshwa na mtu. Hiyo hali haijui kabisa.

Na brathe si mjinga, msinielewe vibaya. Alipiga hesabu tu. Mwongozo unakupa yale mtihani utauliza, kitabu chenyewe kinakupa na mengine mengi ambayo hayatauliziwa. Mtu mwenye masomo manane na usingizi wa masaa matano atachagua gani? Hata mimi nilitumia mwongozo, na kama uko kidato cha nne unasoma hii post, najua mwongozo uko hapo karibu na mto wako.

Shida yangu ni nyingine. Fikiria kila hadithi uliyowahi kupewa shuleni tangu darasa la kwanza. Sungura na fisi, halafu maswali matano. Safari ya Mombasa, halafu maswali matano. Baadaye maswali yakakua yakaitwa "jadili" na "fafanua", lakini ni yale yale. Hakuna hadithi iliwahi kukujia mikono mitupu. Kila moja ilikuja na polisi nyuma yake. Ukizoea hivyo miaka 12, mtu akikupa kitabu mwili wako unajua ni kesi.

Ndio maana naona likizo ni kitu cha maana kuliko vile tunaichukulia. Ni wiki chache ambazo unaweza kusoma na hakuna mtu atakuuliza kitu. Hata sheria iko upande wako: Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inakataza tuisheni za likizo. (Najua. Najua mahali unaenda kila asubuhi saa mbili na begi. Nasema tu sheria iko.)

Kwa hivyo mzazi wa DM, jibu langu linaanza na kutoa hiyo "ndio aboreshe". Toa tu. Insha itaboreka, niamini, lakini itaboreka kwa siri, kama nywele zinavyokua. Ukimwambia mtoto asome ili insha ipande, umeshamrudisha darasani na umemvalisha sweta.

Watu wengine wataniambia adui ni simu. Sikubali sana. Brathe yangu anasoma siku nzima kwa hiyo simu: maoni ya watu, maandishi ya chini ya filamu za Korea, vita za mashabiki wa Arsenal, wasichana wa rika lake wanamaliza hadithi ndefu kwa Wattpad usiku mmoja. Kusoma wanajua. Kitabu ndicho walifundishwa kuogopa.

Mimi niliokolewa na kitabu kisicho na jalada. Ushago kwetu ni upande wa Kitale, na Disemba moja nikiwa na miaka 13 hivi, shosho alikuwa na sanduku la vitabu vya anko wangu, vya enzi zake za shule. Panya walikuwa wameshaanza kazi. Nikaokota kimoja ambacho hata jina sikuliona, kimeandikwa kwa penseli pembeni "tashbihi", "taswira", "jazanda", na mahali pengine "NJAA" kwa herufi kubwa. Nadhani hiyo haikuwa mbinu ya uandishi, anko alikuwa tu na njaa.

Kitabu chenyewe kilikuwa Siku Njema cha Ken Walibora, cha 1996. Kijana anaitwa Kongowea Mswahili, mama yake alikuwa mwimbaji wa taarab kule Tanga, baba hamjui. Anaanza safari ya kumtafuta, anavuka mpaka kuja Kenya. Na unajua anaelekea wapi? Kitale! Sikuwa nimewahi kuona Kitale kwa hadithi. London niliona, New York niliona, hata Lagos. Lakini Kitale, mahali sisi tunashukia matatu tukiwa na magunia? Nilitoka nje nikaangalia ile barabara ya murram kama ni mara ya kwanza naiona.

Shosho aliniita kuosha vyombo mara tatu siku hiyo. Mara ya nne hakuita, alikuja mwenyewe.

Miaka mingi baadaye, Aprili 2020, Walibora alipofariki, taimulaini yangu ilijaa watu wazima, watu wa kazi na familia, wakimtaja Kongowea kama mtu waliyesoma naye darasa moja. Kitabu hicho kiliwahi kuwa setibuku, kwa hivyo wengi wao walikisoma kwa lazima. Lakini hakuna aliyekumbuka maudhui. Walikumbuka kijana akitafuta baba yake.

Hapo ndipo niligundua ujanja ambao nataka uibe: setibuku za zamani. Kitabu kikitolewa kwa mtihani, maswali yanaenda nayo, kinabaki hadithi tu. Na viko kwa nyumba. Viko chini ya kitanda cha anti, kwa kabati ya ukumbini nyuma ya vikombe vya wageni. Muulize mama kama alisoma The River and the Source cha Margaret Ogola. Kilitoka 1994, mwandishi alikuwa daktari wa watoto, na kinafuata familia moja vizazi vinne kuanzia kwa mwanamke anaitwa Akoko, ambaye hakuna mwanaume alimweza. Mama akikisikia kikitajwa, uso wake utabadilika. Mimi nilikisoma nikamuuliza mama yangu kuhusu Akoko, na tukaongea masaa mawili. Mimi na mama hatukuwa tumewahi kuongea masaa mawili bila mtu kukasirika.

Sasa rudi kwa brathe. Baada ya ile jioni ya ngazi niliamua nitampa vitabu, na nikaanza vibaya. Nilimpa huo huo wa Ogola, kwa sababu mimi naupenda. Alifika ukurasa wa 20 akanirudishia kwa heshima, kama mtu anarudisha chakula ambacho hakina chumvi. Kosa langu. Nilimpa kitabu changu badala ya kitabu chake.

Mara ya pili nikatumia akili. Brathe anapenda filamu za wizi wa benki. Nikamtafutia My Life in Crime cha John Kiriamiti. Kilitoka 1984, na jamaa alikiandika akiwa jela, kwa wizi ambao kweli aliufanya. Mhusika anaitwa Jack Zollo na Nairobi yake ni ya mbio, magari na risasi. Wazazi wengi hawataki kukiona kwa nyumba, wanasema kinafundisha ujambazi. Mimi naona ni hivi: mtoto wako ameshaona ujambazi mwingi kwa simu, na mwingi wao hauna bei. Huu una bei, na aliyeulipa ndiye anayekusimulia. Brathe alikimaliza usiku tatu. Asubuhi ya nne alikuja jikoni na macho mekundu, akaniuliza kama kuna kingine.

Kingine kipo, My Life with a Criminal, ambacho kinasimuliwa upande wa Milly, mpenzi wake. Lakini sikumpa hicho kwanza. Niliona nafasi yangu ya kumrudisha kwa Kiswahili, na hapa ndipo wengi wenu mtafunga hii post.

Tuongee ukweli. Sisi wa Nairobi tunapiga sheng mchana kutwa, tunatukana kwa Kiswahili, tunaombea kwa Kiswahili, lakini ukimwambia mtu asome riwaya ya Kiswahili kwa raha yake anakuangalia ni kama umemwambia afanye hesabu kwa raha yake. Tumefanya lugha yetu ikae kwa karatasi ya mtihani. Na mwaka juzi nilimsikia binamu yangu akisema Kiswahili hakina stori za upelelezi. Nilishika kichwa.

Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar alikuwa anaandika upelelezi kabla ya babu zenu kununua redio. Mzimu wa Watu wa Kale kilishinda shindano la uandishi mwishoni mwa miaka ya 50 na kikachapishwa 1960. Tajiri anakutwa amekufa mahali pa mizimu, watu wote wanasema ni mizimu, halafu anakuja Bwana Msa na kiko chake mdomoni, mpole, hana haraka, na anakataa kuamini kwamba mzimu unaweza kuua mtu kwa namna hiyo. Ana rafiki yake Najum ambaye anaona kila kitu na haelewi chochote. Baada ya hicho kuna Kisima cha Giningi, Duniani Kuna Watu, Siri ya Sifuri, na vingine. Ni mfululizo mzima! Ukipenda kimoja uko na kazi mpaka shule zifunguliwe.

Nitakuonya tu kuhusu lugha. Ni Kiswahili cha Unguja cha zamani, na kurasa kumi za kwanza utateseka. Utakutana na maneno ambayo hata ticha wako atakohoa. Usishike kamusi. Nasema tena, usishike kamusi. Ruka hilo neno uendelee, kama vile unaruka maneno ya nyimbo za Kinaijeria na bado unacheza. Likirudi mara tatu utakuwa umelijua bila mtu kukufundisha. Shule ilituzoesha kwamba usipojua neno moja umefeli ufahamu. Kwa kitanda chako hakuna kufeli.

Vingine nitavitaja haraka, juu najua mko na bundles chache.

Kama unapenda mambo ya anga na nchi za kufikirika, tafuta Walenisi cha Katama Mkangi, cha 1995. Mkenya huyo, mhadhiri, aliwahi kuzuiliwa na serikali miaka ya 80. Jamaa anaitwa Dzombo anahukumiwa, anatiwa kwa chombo cha kurushwa angani akaangamie, badala yake anafika nchi ambayo mambo yake yamepangwa tofauti kabisa na yetu. Litamke jina la hiyo nchi polepole. Utacheka, kisha hutacheka.

Kama una miaka 16 kwenda juu, na hii ni kweli, si ya kina gredi ya saba, soma Rosa Mistika cha Euphrase Kezilahabi. Kilitoka 1971 na Tanzania wakakipiga marufuku shuleni kwa muda. Kinahusu msichana aliyelelewa na baba mkali sana na mlevi, na yale yanayotokea akitoka nyumbani bila kujua chochote kuhusu wanaume. Kuna wasichana wanahitaji kukisoma na kuna mababa wanakihitaji zaidi.

Abdulrazak Gurnah alishinda Nobel 2021 na sote tukaposti bendera na moto. Tulisoma? Paradise, kile cha 1994, sasa kiko kwa Kiswahili, kinaitwa Peponi, kimetafsiriwa na Ida Hadjivayanis. Yusuf ana miaka 12, anachukuliwa na mfanyabiashara anayemwita mjomba, na polepole anagundua kwamba si mjomba, yeye ametolewa kulipa deni la baba yake. Na Kill Me Quick cha Meja Mwangi, cha 1973, ni kifupi na kinauma: vijana wawili wana vyeti vya shule, wanalala vichochoroni Nairobi, hakuna kazi. Ukiambiwa kiliandikwa wiki iliyopita utakubali.

Sasa ganji. Kitabu kipya ni ghali, tusidanganyane. Tangu sheria ya VAT ya 2013 tunalipa asilimia 16 ya ushuru kwa vitabu, na hakuna anayeandamana juu ya hiyo. Mimi hununua kwa wale wasee wanatandaza vitabu chini kando ya barabara mjini. Kill Me Quick yangu ilikuwa soo na hamsini, na aliyeniuzia akaniambia nikimaliza nikirudishe, niongeze soo, anipe kingine. Nimebadilisha hivyo mara kadhaa. Kama uko Eastlands, kuna maktaba ya Kaloleni na ile ya Makadara, ambazo Book Bunk walizifufua na sasa zinapendeza. Ni matawi ya McMillan, ile jengo la nguzo na simba pale mtaa wa Banda, ambayo ilipofunguliwa 1931 ilikuwa ya wazungu peke yao. Shosho zetu hawangeingia kusoma, sisi tunapita hapo tukienda kununua viatu. PDF za Telegramu sitazitaja. Waandishi wetu hawa si matajiri.

Mzazi, kuna mambo mawili zaidi kabla hujaondoka. La kwanza, mpe mtoto ruhusa ya kuacha kitabu katikati. Wewe ukiona filamu mbaya huizimi? Akifika ukurasa wa 30 na bado anapiga miayo, abadilishe, na usimwambie hana nidhamu.

La pili ni kuhusu wasichana. Naongea kama mtu aliyeoshwa na vyombo utotoni. Disemba ushago, kijana akilala kwa kiti na kitabu watu wanasema anasoma, msimsumbue. Msichana akishika kitabu hicho hicho ni mvivu. Kabla hujamnunulia chochote, hesabu masaa ambayo huyo mtoto wako atakuwa ameketi. Kama ni sufuri, hata ukimjengea maktaba hatasoma. Mpe masaa mawili kwa siku na vyombo vioshwe na huyo kaka yake, mikono anayo.

Brathe wangu sasa anaosha, by the way. Tulikubaliana: mimi natafuta vitabu, yeye anashika sinki. Wiki jana nilimwachia Mzimu wa Watu wa Kale juu ya mto wake, sikusema kitu, sikumuuliza amefika wapi. Siku ya kwanza kimya. Siku ya pili kimya. Nikajua amekataa, nikaanza kufikiria nitampa nini kingine.

Jana usiku saa saba na dakika kumi, yeye akiwa chumba cha pili tu, simu yangu ikalia:

"Dada, huyu Najum ni mjinga kweli ama anajifanya?"

Sijamjibu. Nikijibu nitamharibia.